Tochi ya LED: Kabla ya kuongeza mwanga, tafuta njia ya joto

Tochi za LED zenye mwili wa alumini na betri moja nene ya kuchaji zimeenea vijijini. Mfugaji huangalia zizi usiku kwa tochi hiyo, mvuvi huibeba ziwani, na anayemsindikiza mgonjwa usiku huitegemea njiani. Mara nyingi mwenye tochi humpelekea fundi redio na kumwambia, "Niongezee mwanga." Fundi huondoa rezista, huunganisha waya moja kwa moja, na tochi huwaka kama taa ya gari. Muda si mrefu mwanga hufifia, hugeuka wa buluu au huzimika kabisa. Hapa tunaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, na hatua za kufuata ili tochi iwake zaidi bila kuungua.

Joto linatoka wapi?

Wengi huamini kuwa LED haina joto, kwa sababu ukiweka mkono mbele ya mwanga wake hauungui. Ukweli ni kwamba katika LED kubwa nyeupe, zaidi ya nusu ya umeme unaoingia hugeuka kuwa joto. Joto hilo haliendi mbele pamoja na mwanga. Hubaki kwenye kipande kidogo chenye upana wa milimita chache, na njia yake ya kutoka ni mgongoni: kupitia kisahani kilichobeba LED, kisha kichwa cha tochi, kisha mwili wa alumini, hadi hewani na mkononi mwako.

Tuchukue mfano. LED inayotumia ampea 1 kwa volti 3 inatumia wati 3. Ukiipandisha hadi ampea 3, inafika karibu wati 10. Mwanga, hata hivyo, haufiki mara tatu, kwa kuwa kadiri LED inavyopata moto ndivyo inavyozidi kupoteza umeme.

Na betri nayo hulipa. Betri ya mAh 3,000 inayodumu saa 3 kwa ampea 1, itadumu saa 1 tu kwa ampea 3.

Hatua ya kwanza: safisha

Tochi nyingi zilizofifia hazihitaji kubadilishwa kitu. Fungua, futa kutu na uchafu kwenye springi, kwenye nyuzi za kifuniko na kwenye ncha za betri. Safisha kioo. Kaza kila kinachofungwa. Kisha jaribu kwa betri nzuri iliyojaa. Usipoona tofauti, endelea.

Hatua ya pili: fungulia joto njia

Fungua kichwa cha tochi uangalie kisahani cha LED kimekaa juu ya nini. Katika tochi nyingi za bei ndogo kimeegeshwa tu kwenye ukingo mwembamba, na nyuma yake kuna hewa tupu. Hewa haipitishi joto vizuri.

Weka chini yake kipande cha alumini au shaba kinachojaza nafasi na kugusa ukuta wa kichwa pande zote. Hakikisha hakigusi waya wala sehemu za saketi. Paka katikati ile dawa ya kupitisha joto ambayo mafundi wa kompyuta huitumia. Ipake nyembamba sana: kazi yake ni kuziba mianya midogo, na ikiwa nene inazuia joto badala ya kulipitisha. Kisha kaza kisahani kisicheze.

Kuna dalili moja inayowadanganya wengi. Tochi yenye mwanga mkali ikibaki baridi mkononi baada ya dakika kadhaa, usifurahi. Huenda joto limekwama ndani na LED inaungua. Tochi iliyotengenezwa vizuri hupata joto mwili mzima. Ikifika mahali huwezi kuishika, punguza mwanga. Tochi ya mwili wa plastiki usiiongezee nguvu hata kidogo.

Hatua ya tatu: sasa ongeza umeme

Njia nyepesi ni kuunganisha waya mfupi wa shaba kutoka mwanzo hadi mwisho wa springi, kwa risasi, huku ukiacha springi inyumbuke. Springi nyembamba hupoteza umeme, na waya huo huurudisha. Fundi apime mkondo kwa mita kabla na baada. Usizidishe kiwango cha LED yenyewe. Mwanga ukianza kuwa wa buluu, umepita kiasi.

Jiulize pia unataka nini. Kuona mbali mara mbili kunahitaji mwanga mara nne. Kwa anayetaka kumulika mbali, bakuli la kuakisi lililo pana na safi linasaidia kuliko kuongeza umeme.

Betri ndiyo hatari kubwa

Betri za lithiamu zenye namba 18650 zina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zilizo nzuri kwa kawaida zina mAh 2,000 hadi 3,500. Ukiona zimeandikwa 9,900, huo ni uongo. Betri halisi ina uzito wa gramu 45 hivi. Iliyo nyepesi mno ina kitu kidogo ndani.

Betri dhaifu ikilazimishwa kutoa umeme mwingi hupata moto, na inaweza kulipuka. Usiichaji zaidi ya volti 4.2, wala usitumie iliyovimba, iliyobonyea au iliyochanika ganda. Usiweke betri mbili kwenye tochi ya betri moja. Usichaji juu ya godoro, wala usiku mmelala. Ikianza kutoa moshi, ondoeni watoto, kaeni mbali na msivute moshi huo.

Ukienda kwa fundi, usianze na neno "niongezee mwanga." Mwambie kwanza afungue kichwa akuonyeshe joto linapita wapi. Kama hakuna njia, itengenezwe kwanza. Kama haiwezekani, iache tochi ilivyo: mwanga wa wastani unaofika asubuhi unamfaa mwenye safari kuliko mkali unaozimika katikati ya njia.