Tarehe ya Mlingoti wa Ngome ya Mvita

Kuna dai la siku nyingi kwamba bendera nyekundu iliyopepea juu ya Ngome ya Mombasa hadi mwaka 1963 ilikuwa hati ya umiliki: bendera ni ya Sultani wa Unguja, basi na mji ni wa Sultani, na watu wa Mvita walikuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Dai hilo halisimami. Mwenye kuufuata mlingoti ule tangu Wareno walipoijenga ngome kati ya 1593 na 1596 ataona kuwa kila bendera iliyodumu pale ilidumu kwa mapatano na wenye mji, na mapatano yalipovunjika nayo iliteremka. Wenye mji ni Thenashara Taifa: Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa wa upande wa Mvita. Maliwali walikuja na kuondoka, na mataifa haya yakabaki.

Watasema Oman iliitwaa ngome kwa upanga. Ni kweli kwamba iliingia Desemba 1698 baada ya kuizingira tangu Machi 1696, lakini wazee wamepokezana kwamba Imam hakuja bila kuitwa. Wajumbe wa Mombasa walivuka bahari kumwomba msaada. Na asiyetosheka na hilo autazame mwaka 1729. Wareno walikuwa wamerudi mwaka uliotangulia na kuipandisha tena bendera yao. Safari hii hakuna jeshi la Imam lililowaondoa. Watu wa mji waliinuka wenyewe, wakawafungia ngomeni, na mwezi Novemba Wareno wakatoka wasirudi tena kutawala. Ngome ikawa mikononi mwa Thenashara Taifa, nao ndio waliopeleka wajumbe Oman kumpa Imam habari. Aliyepewa kitu na wenyewe hawezi kudai baadaye kwamba alikiokota.

Imam ndiye aliyewaleta Mazrui wawe maliwali, na hapa lazima nisimame kidogo, maana ukoo huu ndio ulioelewa kuliko wote nini maana ya kukaa ngomeni. Mabusaidi walipowapokonya Mayaarubi kiti cha Oman, Muhammad bin Uthman al-Mazrui alikataa kumtii mtawala mpya. Akauawa kwa hila, na Saif bin Khalaf akawekwa mahali pake. Ali bin Uthman, nduguye marehemu, alitiwa kifungoni humo humo ngomeni, na kisa chake wazee hawachoki kukisimulia: jinsi alivyotoroka, akakusanya watu wa mji pamoja na Wanyika wa bara, wakaukwea ukuta usiku, ukuta ule ambao Waarabu wa Imam walikaa chini yake karibu miaka mitatu, na kulipopambazuka ngome ilikuwa yake. Ukuta ulikuwa ule ule. Tofauti ni kwamba Ali alikuwa na mji nyuma yake. Tangu hapo Mazrui walitawala kwa ridhaa ya mataifa hadi 1837.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa 1824. Seyyid Said, mtawala wa Oman wa ukoo wa Mabusaidi, alikuwa amekwisha kuinyakua Pemba, na merikebu zake zilikuwa zimeufunga mlango wa bandari. Mazrui wakaomba bendera ya Uingereza. Kapteni Vidal, Mwingereza aliyetia nanga Desemba 1823, hakukubali kuwapandishia. Hawakungoja jibu jingine. Kapteni Owen alipowasili Februari 1824 aliikuta bendera ya nchi yake ikipepea ngomeni, imeshonwa na watu wa Mombasa. Akakubali kuwa mlinzi, kwa sharti kwamba Mazrui wabaki na utawala, ushuru ugawanywe nusu kwa nusu, na biashara ya watumwa ikomeshwe. Luteni Reitz aliyeachwa kuwa msimamizi alifariki kwa homa mwezi Mei, na jina lake lingali kwenye hori la Port Reitz. Mtu atauliza: mbona bendera hiyo iliteremshwa mwaka 1826, ikiwa matakwa ya mji yana uzito? Iliteremka kwa sababu serikali ya Uingereza haikuyaridhia mapatano ya Owen. Upande mmoja ukijitoa, mapatano hayapo tena, na hilo linaitia nguvu hoja yangu.

Hata 1837 ni hivyo hivyo. Mashambulizi kadhaa ya Seyyid Said yalikuwa yameshindwa. Alifaulu pale Thelatha Taifa walipokwisha kugeuka upande wake na Mazrui wenyewe kuvunjika kwa ugomvi wa urithi. Wako wanaowalaumu Wakilindini hadi leo kwa jambo hilo. Mimi siwalaumu, walikuwa sehemu ya mji, na walikuwa na haki ya kuchagua.

Ama wekundu wenyewe, hauthibitishi lolote juu ya Mombasa. Bendera nyekundu isiyo na alama ilipepea Unguja na Lamu kama ilivyopepea Maskati, ambako ilidumu hadi 1970. Maimamu wa ndani ya Oman walitumia nyeupe. Kitambaa kimoja kwa bandari nyingi hakiwezi kueleza bandari fulani iliingiaje.

Kilichopotosha hesabu ni mkataba wa Desemba 14, 1895. Sultani Hamad bin Thuwaini wa Unguja aliwakabidhi Waingereza utawala wa ukanda wa mwambao wa maili kumi, bendera yake ikabaki juu ya ngome, naye akalipwa pauni 17,000 kila mwaka. Hakuna mzee wa taifa hata mmoja aliyetia saini. Wasemao kuwa mwambao uliridhika wamkumbuke Mbaruk bin Rashid wa Gasi, Mazrui, aliyekuwa vitani mwaka huo huo, na hakuacha hadi 1896 alipovuka kuingia nchi iliyoshikwa na Wajerumani. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohamed Shamte wa Zanzibar walipatana kuwa ukanda uwe wa Kenya, na bendera nyekundu ikateremshwa. Wanaowaandikia watoto vitabu vya historia ya mwambao, kila watajapo bendera ya ngome, wawataje na Thenashara Taifa.