Mandhari ya Manga Yana Historia
Anayesimama juu ya magenge ya Manga, kati ya Kisii na Nyamira nchini Kenya, huambiwa kwamba anatazama uzuri wa asili usioguswa. Dai hilo halisimami. Kabla ya ukoloni, wimbi lililimwa karibu na makazi, na sehemu kubwa ilikuwa malisho yaliyolindwa na vijana wa ebisarate, yaani kambi za ng'ombe. Waingereza waliishambulia Gusii, nchi ya Wagusii wa eneo hili, mwaka 1905 na 1908, kisha serikali yao ikazivunja kambi hizo, na malisho yakaanza kugeuka mashamba. Katika miaka ya 1930 Wagusii walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kuruhusiwa kulima kahawa. Baadaye zikaja pareto na chai. Leo bondeni kuna michai iliyochumwa ikalingana usawa wa kiuno, migomba nyuma ya nyumba, na mistari ya mikaratusi, mti uliotoka Australia, ikinyonya maji hadi kandokando ya mito.

Atapinga mtu kwamba jabali halikupandwa na mkulima, wala pango la Ngoro ya Mwaga halikuletwa na kahawa. Ni kweli. Lakini hata pango hilo linajulikana na kuheshimiwa kwa sababu ya simulizi za wazee. Kwa hiyo mpango wowote wa utalii unaomwona mkulima kama mvamizi unapotosha historia: kijani kinachosifiwa ni jasho lake, na uharibifu wa chemchemi unaoletwa na mikaratusi una mizizi katika sera alizoletewa.