Mahakama ya Madai Madogo (Kenya)

Mahakama ya Madai Madogo iliundwa nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 2016, ikaanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya bidhaa au huduma zilizotolewa bila kulipwa. Kwa mfanyabiashara mdogo anayezungushwa na mnunuzi, ni njia nafuu ya kisheria.

Kwa kawaida mdai hutanguliza barua ya madai yenye kiasi cha deni na siku ya mwisho ya kulipa. Akipuuzwa, hufungua kesi mwenyewe, bila kulazimika kuweka wakili. Mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi: ankara, hati ya kupokelea mzigo, hata ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya awali huweza kupokelewa. Saini ya aliyepokea mzigo ina uzito mkubwa. Sheria inataka hukumu itolewe ndani ya siku 60. Rufaa huenda Mahakama Kuu, kwa hoja za kisheria tu.

Ugumu hasa huja baada ya hukumu. Mdaiwa asipolipa, mdai huomba utekelezaji, mathalani dalali wa mahakama akamate mali ya mdaiwa. Mdai pia asichelewe kuanza: kesi ya deni la mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6.