Nani Angemshinda Nani? Ali, Marciano na Miaka Iliyopotea



Kuna ubishi ambao hauishi katika mabaraza yetu, Gitega na Muyinga vilevile. Wazee husema hajazaliwa bondia wa kumpiga Muhammad Ali. Wa umri wa kati hujibu kwamba Mike Tyson wa mwaka 1988 asingemwacha mtu yeyote afike raundi ya tano. Vijana nao huwataja Tyson Fury na Oleksandr Usyk, wakisema mabondia wa zamani walikuwa wadogo mno. Ukisikiliza vizuri utaona kwamba kila mmoja anamtetea bondia wa ujana wake. Leo tumeona tuuchukue ubishi huu na tuutazame kwa jicho la historia, maana ndani yake mna funzo kwa watoto wetu kuhusu uadilifu, yaani kumpa kila mtu haki yake.

Kabla hatujaendelea tuseme jambo moja. Wanazuoni wengi wameikataza ndondi, na sababu yao kubwa ni kwamba ndani yake mtu hupigwa usoni na mwili hudhurika. Hatuandiki makala haya ili kuwavuta vijana waingie ulingoni. Tunaandika kwa sababu jina la Ali linatajwa katika nyumba zetu, na ni bora mtoto ajue habari yake sawasawa kuliko kujua majigambo peke yake.

KOMPYUTA ILIYOTAKA KUAMUA

Swali la nani angemshinda nani si geni. Mwaka 1967 mtangazaji mmoja wa Miami, Marekani, aitwaye Murray Woroner, alipata wazo la kuliuliza kompyuta. Walichaguliwa mabingwa 16 wa uzito wa juu, waliokuwa hai na waliokwisha kufa. Sifa zao zikageuzwa kuwa namba: kasi, nguvu ya ngumi, uvumilivu, ujanja. Kompyuta ikatoa matokeo, na watangazaji wakayasoma redioni kama vile pambano linafanyika mbele yao. Mwishoni Rocky Marciano ndiye aliyetangazwa mshindi, baada ya kumwangusha Jack Dempsey.

Ali katika mashindano hayo alishindwa na Jim Jeffries, bingwa wa miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Hakulinyamazia jambo hilo. Alifungua kesi akidai dola milioni 1 kwa kuharibiwa jina. Shauri likamalizwa kwa makubaliano, na Ali akakubali kulipwa dola 10,000 ili acheze filamu ya pambano la kubuni kati yake na Marciano.

Filamu ilipigwa mwaka 1969. Marciano alikuwa na umri wa miaka 45, amekaa nje ya ulingo kwa zaidi ya miaka 13. Alipunguza uzito sana na kuvaa nywele za bandia ili aonekane kijana. Walicheza raundi fupi za dakika moja moja, nyingi, zenye miisho mbalimbali, ili baadaye achaguliwe mshindi mmoja. Marciano hakuwahi kuyaona matokeo. Alifariki katika ajali ya ndege tarehe 31 Agosti 1969, siku moja kabla ya kutimiza miaka 46. Filamu ilionyeshwa tarehe 20 Januari 1970, na Wamarekani wakamwona Marciano akimwangusha Ali raundi ya 13. Lakini huko Ulaya kulionyeshwa toleo jingine, ambamo Ali ndiye mshindi.

Hapo ndipo penye somo la kwanza. Kama ile ilikuwa hukumu ya hesabu, inawezekanaje ibadilike kwa kuvuka bahari? Namba zilizoingizwa zilikuwa maoni ya watu, na maoni yaliyoingia ndiyo yaliyotoka.

VIPIMO VINAVYODANGANYA

Wengine husema tuache kompyuta, tupime miili. Marciano alipigana akiwa na kilo zipatazo 84. Leo uzito huo ungemweka chini ya daraja la uzito wa juu kabisa, kwa sababu chini yake kuna daraja jingine ambalo mwisho wake ni takriban kilo 90. Ali alikuwa na urefu wa mita 1.91 na mikono mirefu kuliko ya Marciano kwa zaidi ya sentimita 20. Kwa hesabu hiyo mtu angesema shauri limekwisha.

Lakini tarehe 18 Mei 2024, mjini Riyadh, Usyk alimshinda Fury kwa pointi, naye alikuwa mwepesi kwa kilo zaidi ya 15 na mfupi kwa sentimita 15 hivi. Mwili mkubwa ni silaha, ila si silaha pekee. Tena kanuni zenyewe zimebadilika. Jeffries na Jack Johnson walikutana mwaka 1910 katika pambano lililopangwa kuwa la raundi 45. Wakati wa Marciano na Ali ubingwa ulipiganiwa kwa raundi 15, na leo ni 12. Je, tutawapambanisha kwa kanuni za nani? Bondia aliyefunzwa kuhifadhi pumzi kwa raundi 15 si sawa na aliyejenga mwili kwa ajili ya 12.

ZAMA MBILI ZILIPOKUTANA KWELI

Ziko nyakati ambapo zama mbili zilikutana kweli ulingoni. Joe Louis alishika ubingwa kuanzia mwaka 1937 hadi 1949, akautetea mara 25. Alistaafu, kisha akarudi kwa sababu alikuwa anadaiwa kodi kubwa na serikali. Tarehe 26 Oktoba 1951, akiwa na miaka 37, alisimama mbele ya Marciano mwenye miaka 28, akaangushwa raundi ya 8. Imesimuliwa kwamba Marciano alilia baada ya kumshinda shujaa wake.

Tarehe 2 Oktoba 1980 ikawa zamu ya Ali. Alikuwa na miaka 38, na mpinzani wake Larry Holmes aliwahi kuwa mwenzake wa mazoezi. Baada ya raundi ya 10 mwalimu wake, Angelo Dundee, alisimamisha pambano. Miaka saba ikapita, na tarehe 22 Januari 1988 Holmes naye, akiwa na miaka 38 ileile, akaangushwa raundi ya 4 na Tyson aliyekuwa na miaka 21.

Je, tuseme basi kwamba Marciano alikuwa bora kuliko Louis, na Holmes kuliko Ali, na Tyson kuliko Holmes? Hakuna mtu muadilifu anayesema hivyo. Aliyeshinda mara zote tatu ni wakati. George Foreman peke yake ndiye aliyeufanya wakati usubiri kidogo: tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimwangusha Michael Moorer wa miaka 26 na kuurudisha ubingwa alioupoteza miaka 20 nyuma.

MAPAMBANO YALIYOZUIWA

Kuna aina ya tatu ya mapambano, na kwa maoni yetu hii ndiyo inayostahili kuongelewa zaidi. Ni yale ambayo yangewezekana kabisa, watu wakiwa hai na katika nguvu zao, lakini yakazuiwa na dhulma.

Johnson alikuwa Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, mwaka 1908. Jeffries aliyekuwa amestaafu aliitwa arudi ili kuurejesha ubingwa kwa Wazungu. Johnson alimshinda raundi ya 15, tarehe 4 Julai 1910, na katika miji mingi ya Marekani watu Weusi wakashambuliwa, wengine wakauawa. Johnson alipopoteza ubingwa mwaka 1915, mlango ukafungwa. Ilipita miaka 22 kabla Mweusi mwingine, Joe Louis, hajapewa nafasi ya kuupigania. Katika kipindi hicho alikuwepo Harry Wills, ambaye wengi walimhesabu kuwa mpinzani wa haki wa Dempsey. Mkataba ulitiwa saini, ila pambano halikufanyika kamwe.

Dempsey na Wills hawakutenganishwa na miaka. Walitenganishwa na rangi. Kwa hiyo mtu akiuliza nani angeshinda kati yao, jibu la kwanza ni kwamba walioliogopa jibu hilo walihakikisha halipatikani.

ALI DHIDI YA ALI

Sasa turudi kwa Ali mwenyewe. Alizaliwa Louisville tarehe 17 Januari 1942. Alipata ubingwa tarehe 25 Februari 1964 kwa kumshinda Sonny Liston, na mara baada ya hapo akatangaza kuwa Muislamu. Wakati huo alikuwa katika kundi la Nation of Islam. Mwaka 1975 alijiunga na njia ya Sunni. Tarehe 28 Aprili 1967 alikataa kuingia jeshini kwenda vita vya Vietnam, akieleza kuwa imani yake haimruhusu. Akanyang'anywa ubingwa na leseni, akahukumiwa kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Hakwenda gerezani kwa kuwa alikata rufaa, na tarehe 28 Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta hukumu hiyo. Lakini alikuwa amekaa bila kupigana kuanzia Machi 1967 hadi Oktoba 1970, yaani tangu miaka 25 hadi 28. Alikuwa ameshinda mapambano yote 29. Ndiyo maana mwaka 1969 alikuwa na nafasi ya kucheza filamu na Marciano: pambano la kubuni liliruhusiwa, la kweli lilikatazwa.

Ali aliyerudi hakuwa yuleyule. Miguu ilikuwa mizito zaidi. Tarehe 30 Oktoba 1974, kule Kinshasa, yapata kilomita 1,600 magharibi mwa Gitega, hakucheza kwa kuruka huku na huku kama zamani. Saa 10 usiku kwao, saa 11 alfajiri kwetu Burundi, wakati wa sala ya asubuhi, aliegemea kamba na kumwacha Foreman apige mpaka achoke. Foreman alikuwa na miaka 25, hajashindwa katika mapambano 40. Raundi ya 8 akaanguka.

Basi mtu anaposema "Ali angemshinda fulani", tumuulize: Ali yupi? Yule mwepesi wa 1967, au yule mwenye subira wa 1974? Na Ali wa 1968 na 1969 hakuna aliyemwona. Hilo ndilo pambano kubwa la kubuni kuliko yote, nalo halihitaji Marciano wala Tyson. Miaka ile aliitoa mwenyewe kwa ajili ya alichokiamini, akijua gharama yake.

Na gharama ya ndondi aliilipa pia. Mwaka 1984 iligundulika kuwa ana ugonjwa wa Parkinson, akaishi nao mpaka alipofariki tarehe 3 Juni 2016. Vijana wanaoziona ngumi zake kwenye simu waione na mikono ile ikitetemeka alipowasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta mwaka 1996.

Ndugu wazazi, watoto wakibishana tena msiwanyamazishe. Waulizeni: hawa wawili waliwahi kukutana? Kama walikutana, kila mmoja alikuwa na umri gani? Na kama hawakukutana, walitenganishwa na wakati au na watu? Wakizoea kuuliza hivyo kuhusu mabondia, watauliza hivyo pia wanapowapima wazee wao, walimu wao na majirani zao, ambao nao walipewa nafasi nyingine na kunyimwa nyingine.