Taa ya Mmweko na Heshima ya Uso

Wahenga walisema kuwa macho hayana pazia. Kamera nayo haina pazia. Walakini kwa karibu miaka hamsini tangu kutangazwa kwake ilikuwa na udhaifu mmoja uliomsitiri mwanadamu, nao ni kutoona gizani. Uvumbuzi wa Louis Daguerre ulipotangazwa Paris mwaka wa 1839, aliyetaka sura yake ichukuliwe alilazimika kukaa kwenye mwanga mkali kwa dakika kadhaa bila kutikisika, na mafundi waliofuata waliegemeza kisogo cha mteja kwenye chuma ili kichwa kisicheze. Adha hiyo ilikuwa na faida yake: ilikuwa vigumu uso wa mtu kuchukuliwa pasipo mwenyewe kujua, kujiandaa na kuridhia.

Taa ya mmweko, ambayo mafundi wengi huiita flashi, ndiyo iliyoondoa sitara hiyo. Aghalabu historia yake husimuliwa kama historia ya nguvu na kasi. Katika picha za watu, hata hivyo, maswali mawili yana uzito zaidi: taa imewekwa wapi, na ni nani aliyeiita?

Swali la kwanza lilijibiwa kabla flashi yenyewe haijazaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1850, mpiga picha wa Paris aliyejulikana kwa jina la Nadar alianza kupiga picha za nyuso kwa taa ya umeme iliyopata nguvu zake kutoka katika betri nyingi. Nyuso za kwanza zilitoka kavu, zenye weupe mkali upande mmoja na giza zito upande wa pili. Nadar akatafuta dawa kwa kuirudisha sehemu ya nuru kutoka kwenye vitu vyeupe, ili upande wenye kivuli nao upate haki yake. Taa ile, lakini, ilikuwa dhaifu mno. Mwaka wa 1861, alipoteremka kupiga picha katika makaburi yaliyo chini ya mji wa Paris, baadhi ya picha zilihitaji dakika 18. Kwa hiyo alitumia masanamu mahali pa wafanya kazi, maana mtu aliye hai hawezi kutulia muda huo wote.

Madini ya magnesi yalileta nuru kali zaidi. Mwaka wa 1864 Alfred Brothers wa Manchester alipiga picha ya mtu kwa kuunguza waya wa magnesi. Kisha mwaka wa 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesi na kemikali za kuuchochea moto, wakapata unga uliolipuka kwa kufumba na kufumbua. Tangu hapo hapakuwa na haja ya kumwomba mtu atulie. Wala, kwa bahati mbaya, hapakuwa tena na haja ya kumwomba ruhusa.

Hayo yalidhihirika New York. Jacob Riis, mhamiaji kutoka Denmark aliyekuwa mwandishi wa habari za polisi, alisoma juu ya unga huo mwaka ule ule wa 1887. Kwa muda mrefu alikuwa ameandika juu ya vyumba vya maskini, visivyo na hewa wala dirisha, bila ya kusadikiwa vya kutosha. Basi yeye na wenzake wakaingia vyumbani humo usiku, kwanza wakiufyatua unga kwa bastola, na baadaye wakiuwasha juu ya kikaango. Watu waliolala walishtushwa na mlipuko, na picha ikawa imekwisha kupigwa. Safari moja Riis alisababisha moto katika chumba cha vipofu waliokuwa ombaomba; aliwahi kuuzima, naye mwenyewe alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1890.

Kitabu hicho kilifanya kazi kubwa. Kiliwaamsha wenye mamlaka, na mwaka wa 1896 Theodore Roosevelt, aliyekuwa mkuu wa halmashauri ya polisi ya mji, alivifunga vyumba vibovu vya kulala wasio na makao vilivyokuwa katika vituo vya polisi. Haki haimruhusu mwanahistoria kuyakana manufaa hayo. Lakini haimruhusu pia kusahau kwamba nyuso zile, zilizokodoa macho kwa hofu, zilichukuliwa kwa nguvu. Mhisani na mvamizi walikuwa mtu mmoja, wakitumia taa moja.

Yaliyofuata yalikuwa maendeleo ya ufundi. Mwaka wa 1929 Ujerumani ilitoa taa ya balbu, ambamo karatasi nyembamba ya madini iliungua ndani ya kioo bila moshi. Kila balbu ilitumika mara moja tu. Tangu mwaka wa 1931 Harold Edgerton, wa chuo cha MIT nchini Marekani, aliiendeleza taa ya umeme yenye bomba la gesi, inayowaka na kuzimika katika sehemu ndogo mno ya sekunde na kutumika tena na tena. Taa inayofungwa leo juu ya kamera ni kizazi cha taa hiyo.

Anayechagua taa ya namna hiyo hushawishiwa kwanza na namba ya nguvu yake. Namba hiyo ikigawanywa kwa umbali kati ya taa na uso, jibu ni kipimo cha tundu la lenzi: taa ya namba 32, kwa wepesi wa ISO 100, ikiwa mita 4 kutoka usoni, hutaka tundu la f/8. Ukiuzidisha umbali mara mbili, uso hupata robo tu ya nuru. Namba kubwa yafaa, lakini si kwa kuupiga uso moja kwa moja. Yafaa kwa sababu nuru iliyoelekezwa kwenye dari jeupe, au kupitishwa katika mwavuli, hupotea kwa wingi njiani, na kinachobaki ndicho kinachofika usoni kwa upole. Kwa hiyo sifa za kutazamwa kwanza ni hizi: kichwa cha taa kigeuke juu na pembeni, nguvu iweze kupunguzwa kwa mkono hadi nusu, robo na thumni, na taa iweze kuwashwa ikiwa mbali na kamera, kwa waya au kwa redio.

Taa iliyo karibu mno na lenzi huyapa macho wekundu, kwa kuwa nuru hurudi kutoka ndani ya jicho, na huufanya uso kuwa bapa kama sahani. Ngozi nyeusi ndiyo hudhulumiwa zaidi. Umbo lake hujionyesha kwa mng'ao unaotambaa polepole shavuni na kwenye paji. Nuru ndogo ya mbele huacha doa jeupe kipajini na kuyapoteza mengine, ilhali nuru pana ya pembeni huudhihirisha uso wote.

Walakini mahali pa taa si jibu kamili, na mji wa Bamako unashuhudia. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mwaka wa 1948, alipendelea nuru ya mchana uani kwake, na wateja wake wametoka na utulivu wa kifalme. Malick Sidibé, katika miaka ya 1960 baada ya uhuru wa Mali, alizunguka usiku katika dansi za vijana akiwa na flashi. Nuru yake ilitoka mbele, kali, kama ile ya Riis. Hata hivyo nyuso zake zimejaa furaha. Vijana wenyewe ndio waliomwalika, na baada ya dansi picha zilibandikwa mbele ya studio, kila mmoja achague yake.

Taa moja, basi, ilimshtua mtu New York na kumsherehekea Bamako. Fundi mwema hujifunza kwanza kuigeuza taa yake, ili uso usidhulumiwe. Kisha hujifunza kungoja mpaka mwenye uso aiite.