Treni ya milimani isiyopanda mlima: Korogwe ilipataje reli, na Handeni ikaambulia toroli

Ukipanda treni Dar es Salaam kwenda Moshi, tafuta kiti cha dirisha la kulia. Ukishapita Mnyusi, milima ya Usambara inakusindikiza upande huo: Korogwe, Mombo, Mkumbara, mpaka milima ya Upare ipokee zamu. Ni moja ya safari za reli zenye mandhari nzuri zaidi nchini. Ila angalia vizuri: treni yenyewe haipandi Usambara hata kidogo. Inatambaa chini, kwenye tambarare, milima ikiitazama tu. Kwa nini? Jibu lina fizikia kidogo na historia nyingi.

Chuma juu ya chuma

Tuanze na fizikia. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo sana. Kwenye tambarare hiyo ni faida, maana injini moja inavuta mzigo mkubwa kwa nguvu kidogo. Kwenye mteremko mkali faida inageuka hasara: magurudumu yanateleza na mzigo unarudi nyuma.

Sasa piga hesabu. Kutoka Tanga hadi Korogwe reli ina kilomita 84, na unapanda takriban mita 300 tu kutoka usawa wa bahari. Hiyo ni kama mita tatu na nusu kwa kila kilomita. Halafu chukua barabara ya Mombo kwenda Lushoto: kama kilomita 33, na unapanda karibu mita 1,000. Yaani mita 30 kwa kila kilomita, mara nane au tisa zaidi! Basi linaweza, kwa kona zake zile tunazozijua. Treni ya kawaida yenye mabehewa ya mizigo ingetaabika vibaya.

Wajerumani walioanza kujenga reli hii Tanga mwaka 1893 walilijua hilo. Waliitaka kwa ajili ya kahawa ya Usambara, lakini kahawa yenyewe haikustawi kama walivyotarajia, na kampuni ya ujenzi ikaishiwa fedha. Reli ilifika Muheza mwaka 1896 ikakwama. Serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899, ikaifikisha Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911: jumla kilomita 352. Kilichoiokoa kibiashara ni zao lingine kabisa, mkonge, ulioletwa kutoka Florida mwaka 1893 na Richard Hindorf. Mkonge unapenda tambarare, ni mzigo mzito, na unahitaji usafiri wa karibu. Mapema miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Na mali ya mlimani je? Ililetwa chini kwa njia nyingine. Magogo ya msitu wa Shume yalishushwa hadi stesheni ya Mkumbara kwa kamba za chuma zilizoning'inia hewani. Watu nao waliteremshwa kwa kipande: kuanzia mwaka 1907, kila mwanamume mzima wa Usambara Magharibi alipewa kadi iliyomlazimu kufanya kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Reli haikupanda mlimani, lakini mlima ulilazimishwa kuifuata.

Njia ilikuwepo kabla ya reli

Usidhani hata hivyo kwamba Wajerumani ndio waliogundua njia hii. Misafara ya pembe na watumwa ilipita bonde la mto Pangani miaka mingi kabla yao. Makao ya wafalme wa Wakilindi yalikuwa Vuga, juu mlimani, na Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka huko hadi alipofariki mwaka 1862. Lakini mwanawe Semboja alijikita Mazinde, chini, penye misafara, bunduki na biashara. Katika vita vya urithi vilivyofuata, Mazinde iliitikisa Vuga. Nguvu ilikuwa imeshashuka tambarare miaka thelathini kabla ya reli ya kwanza kulazwa Tanga.

Na upande wa kushoto?

Wasafiri wengi hawageuki upande huo. Ng'ambo ya mto Pangani ni Uzigua, na ndani zaidi iko Handeni, ambako leo unafika kutoka Korogwe kwa barabara ya kama kilomita 65. Handeni haina stesheni. Lakini iliwahi kuwa na reli.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, koloni lilikuwa na reli kuu mbili zisizoungana: hii ya kaskazini na ile ya kati, iliyokuwa imetoka kufika Kigoma. Ili kuhamisha vyakula na zana za vita, jeshi la Wajerumani lililaza reli nyembamba kutoka Mombo hadi Handeni. Haikuwa na injini. Matoroli yalisukumwa na watu. Kutoka Handeni, mzigo uliendelea kuelekea Reli ya Kati, sehemu kubwa vichwani mwa wapagazi. Juni 1916 Waingereza waliziteka Mombo, Korogwe na Handeni, na kazi ya njia ile ikaisha.

Pengo lile lilikuja kuzibwa mwaka 1963, miaka 47 baadaye, na Tanganyika huru: reli ya Ruvu hadi Mnyusi, ile ile unayopita ukitoka Dar. Ilipita mashariki, mbali na mji wa Handeni.

Kwa hiyo ramani ya stesheni si ramani ya mahali watu walipokuwa muhimu zaidi. Inaonyesha mahali mteremko ulipokuwa mdogo na mzigo wa mwenye mtaji ulipokuwa karibu. Korogwe ilikuwa na vyote viwili. Vuga ilikosa cha kwanza, Handeni ilikosa cha pili, hadi vita vilipohitaji mabega ya watu wake.

Leo tunajenga reli mpya ya kisasa, na mijadala ya wapi stesheni ziwekwe haiishi. Ukisikia mtaalamu anasema njia imechaguliwa kwa sababu za kiufundi tu, muulize swali la Handeni: mzigo wa nani?