Kibarua na Kiwanja

Kabla ya kuwa kazi, kibarua kilikuwa karatasi: barua ndogo, cheti cha kutwa. Karne ya 19, Unguja na Mombasa, mabwana waliwakodisha watumwa wao kwa wafanyabiashara wa mjini kubeba, kupakia na kupakua. Jioni ujira ulitoka, na fungu la bwana likaenda kwa bwana. Mtumwa wa namna hiyo ndiye aliyeitwa kibarua, kwa jina la cheti chake. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Neno halikufutwa.

Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi, na hapa ndipo mkazi wa Kisauni au Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, anapopaswa kuikazia macho historia yake. Kila mwenye kudai shamba katika ukanda wa maili 10 kutoka baharini alitakiwa aje na ushahidi mbele ya afisa wa serikali. Wenye makaratasi, wenye mawakili na wenye kujua mlango wa ofisi walijiandikisha. Watumwa walioachwa huru, pamoja na Wamijikenda wengi waliolima bila kuandikiana, hawakuwa na cha kuonyesha isipokuwa minazi na makaburi ya wazee wao. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Kwa hiyo ndani ya miezi michache watu wale wale walipewa uhuru wa mikono na kunyimwa pa kuiegemeza. Mikono ikashuka bandarini.

Bandari nayo ilikuwa ikipanuka. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ilivuka Makupa na kupita Changamwe kuelekea Uganda, na katika miaka ya 1920 Kilindini ikapata gati za maji marefu. Wakaja Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu na Waluhya kutafuta kazi ya mwezi. Mswahili, Mmijikenda na Mshihiri kutoka Hadhramaut wao walishika zaidi kazi ya kutwa. Walijazana mtaa wa Majengo katika nyumba za Kiswahili, zile za ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, kila chumba na mpangaji wake au wapangaji wake.

Kodi ya chumba ndiyo iliyowasha moto. Julai 1939 wafanyakazi wa idara ya kazi za serikali waligoma wakidai posho ya nyumba. Mgomo ukaenea, na mwanzoni mwa Agosti ukafika bandarini. Serikali iliunda tume iliyoongozwa na Willan, nayo ikaona jambo ambalo kila mama wa Majengo angeweza kuiambia bure: mishahara haitoshi na nyumba hazikaliki.

Huko Marekani mageuzi ya miji ya viwanda yalisukumwa pia na watu wenye nafasi zao. Jane Addams alifungua Hull House, nyumba ya kuwahudumia maskini, mtaani Chicago mwaka 1889. Mwaka uliofuata mwandishi Jacob Riis akachapisha picha za vyumba vya maskini wa New York, wenye mali wakashtuka. Mombasa haikupata Riis wake. Hapa wakubwa walishtuka winchi ziliponyamaza, na tume ilipoandika ripoti winchi zilikuwa zimesharudi kuvuma na vita vimeshaanza Ulaya.

Bei zilipanda wakati wa vita na baada yake. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi kwa pamoja: wa reli, wa bandari, wa hoteli, makarani, hata watumishi wa majumbani. Walipata chama, African Workers' Federation, na wakapata kiongozi, Chege Kibachia, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha nguo mjini. Walidai mishahara, na walidai heshima. Mgomo ulidumu karibu wiki mbili hadi Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alipokuja kuwasihi warudi na kuahidi kwamba madai yao yatasikilizwa.

Yalisikilizwa, kwa namna yake. Baraza la usuluhishi liliongozwa na Jaji Thacker, yule yule aliyekuja kumhukumu Jomo Kenyatta kule Kapenguria mwaka 1953, na nyongeza zilitolewa. Agosti hiyo hiyo Kibachia alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Baringo, akakaa miaka 10. Tuzo kwa mkono mmoja, pingu kwa mkono wa pili.

Sehemu inayonivutia zaidi, hata hivyo, ni ile isiyosimuliwa sana. Baada ya 1947 wakubwa walikata shauri kwamba adui wao ni kibarua mwenyewe. Mtu wa kutwa angeweza kufanya kazi siku 10, akarudi Kisauni kupalilia mihogo au kuangusha nazi, asijali nyapara wala king'ora. Wao waliuita uvivu. Mimi nauona kama akili: kilikuwa kipande cha mwisho cha uhuru kwa mtu ambaye babu yake alikodishwa kwa kutwa. Lakini bandari ilitaka watu wachache, wa kudumu, wanaojulikana kwa majina. Vibarua wakaandikishwa, wakawekewa idadi ya siku za kufika kila mwezi, na asiyefika akafutwa daftarini.

Kwa waliobaki, mambo yaligeuka kweli. Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 ilipendekeza kuachana na mshahara wa mseja, uliopigiwa hesabu ya tumbo moja, na kulipa mshahara wa kulisha mke na watoto. Machi 1955 makuli waligoma tena, na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaja kupatanisha; walipata nyongeza iliyotajwa nchi nzima. Zikajengwa nyumba za manispaa kwa ajili ya mfanyakazi wa kudumu. Changamwe, upande wa bara, ikawa mji wa mtu mwenye kazi ya kuaminika, hasa baada ya kiwanda cha kusafishia mafuta kuanza kazi mwaka 1963.

Waliofutwa daftarini hawakuwa na nyumba ya manispaa. Wengi wao waliishi ng'ambo, Kisauni na Likoni, walikojenga juu ya viwanja vya wale waliojiandikisha mwaka 1908 au warithi na wanunuzi wao. Utaratibu huo upo hadi leo: nyumba yako, ardhi ya mwenyewe. Unapiga udongo, unaezeka makuti au mabati, kisha kila mwezi unalipia kiwanja. Ukitaka kujenga kwa mawe, mwenye kiwanja ana la kusema. Hakuna tuzo ya Thacker wala ya Mboya iliyowahi kuugusa utaratibu huo, kwa sababu migomo yote iliulizia mshahara na chumba, na mwenye ardhi hakuwa mwajiri wa kugomewa.

Kiwanda cha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Miaka miwili baadaye serikali ilinunua shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930 zilizokuwa zimejaa nyumba za maskwota kwa miaka mingi, na wakazi wakaahidiwa hati. Walishangilia. Kisha wakaambiwa kwamba hati si bure, kila mmoja arudishe pesa kidogo kidogo hadi deni liishe. Wapo waliokubali na wapo waliokataa katakata, wakiuliza unawezaje kuuziwa kiwanja ambacho choo chako kimekaa juu yake tangu mtoto wa kwanza.

Siku hizi Mombasa hata mwenye mshahara wa mwezi husema anaenda kibaruani, na akifukuzwa watu husema kibarua chake kimeota nyasi. Alfajiri pale kivukoni Likoni, umati ukisubiri feri ifungue lango, wa kutwa na wa mwezi huwatambui kwa nguo. Utawatambua jioni, kwa anayeharakisha kurudi kabla ya ajenti wa kiwanja kupita.